Samaki anayepiga shoti Ziwa Albert, na mkono wako wewe

Wavuvi wa Butiaba, mwalo wa Ziwa Albert upande wa Uganda, wanamjua vizuri, kambare wa umeme, mnene mwenye madoa meusi na sharubu, ukimshika wavuni akiwa bado mzima mkono unaruka wenyewe mpaka begani na unabaki na ganzi. Nilimwona mvuvi mmoja akimtoa kwa kipande cha mti mkavu, hataki hata wavu uliolowa umguse, na vijana hapo mwaloni wakawa wanabishana kama ni uchawi ama nini. Sio uchawi jamani. Kinachofanyika ndani ya huyo samaki kinafanyika ndani yako pia sasa hivi unaposogeza kidole kwenye simu.

Iko hivi. Seli ya neva ikitulia, ndani yake ni hasi kuliko nje kwa kama milivolti 70, sodiamu nyingi iko nje na potasiamu nyingi iko ndani, zote zikiwa chembe zenye chaji chanya, na kwenye utando wake kuna vimilango. Ujumbe ukifika vimilango vya sodiamu vinafunguka, sodiamu inaingia kwa kasi, ndani panageuka kuwa chanya, halafu potasiamu inatoka na mambo yanarudi sawa, yote hayo kwa milisekunde chache tu, na vimilango vya pembeni navyo vinafunguka, hivyo hivyo mpaka mwisho wa neva. Wanasayansi Hodgkin na Huxley ndio walioandika hesabu zake mwaka 1952 baada ya kupima neva nene ya ngisi. Shuleni tuliambiwa neva ni waya, na mimi naona hiyo inapotosha watoto sana, umeme wa waya unafika papo hapo lakini huu unapita hatua kwa hatua. Ndio maana ukijikwaa kwenye jiwe unahisi mguso kwanza, yale maumivu ya kuungua yanakuja baadaye, neva zake zinaenda mita 2 tu kwa sekunde au chini ya hapo.

Sasa huyo kambare, kiungo chake cha umeme kilitokana na misuli. Seli zake ni bapa, zimepangwa kama betri za tochi, kila moja inatoa kama sehemu ya kumi ya volti ambayo peke yake huwezi kuihisi, lakini zikifyatuka pamoja samaki mkubwa anaweza kufika volti 350! Na amri inatoka kwenye seli mbili tu za neva ndani ya uti wa mgongo, moja kila upande. Mbili tu. Hapo ndipo mimi huwa nashangaa kila nikifikiria.

Kwako wewe, neva haijaungana na msuli, kuna upenyo mdogo sana katikati na umeme wenyewe hauuvuki, inabidi kemikali imwagwe. Mwanasayansi Otto Loewi alionyesha jambo hili mwaka 1921 kwa mioyo miwili ya vyura: alichochea neva ya moyo wa kwanza ukapunguza mapigo, akachukua maji yake akayatia kwenye moyo wa pili, nao ukapunguza bila kuguswa neva yoyote. Kemikali hiyo ni asetilikolini, na ndiyo hiyo hiyo inayouambia msuli wako ukaze. Ikishamaliza kazi kuna kimeng'enya, yaani protini ya kuvunja kemikali, kinaikatakata haraka, la sivyo msuli ungebaki unapokea amri ile ile bila kupumzika.

Na hapa naomba tusikilizane hasa nyinyi mnaopulizia nyanya. Dawa nyingi za wadudu za aina ya oganofosfeti zinaua kwa kukizuia kimeng'enya hicho, na kimeng'enya cha mdudu na chako vinafanana. Dawa inapita kwenye ngozi pia, sio mdomoni tu, kwa hiyo kuchanganya kwa mkono mtupu ni hatari kweli kweli. Ukimwona mtu aliyetoka kupulizia anatokwa na mate na jasho, mboni zimekuwa ndogo kama tundu la sindano, misuli inachezacheza, usimpe maziwa ukangoja, vaa glavu au hata kaveera (mfuko wa plastiki) mikononi, mvue nguo zilizolowa dawa, muoshe kwa maji mengi na sabuni, mpakie kwenye boda mkimshikilia na umpeleke hospitali haraka pamoja na chupa ya ile dawa, huko wana atropini, dawa ya kupambana na sumu hiyo.