Jiko la jua la kubeba kwenye baiskeli: maendeleo hadi sasa

Naweka hapa yote niliyofikia kwenye jiko la jua, ili anayetaka kulijaribu kiangazi hiki asianze kupapasa gizani. Kwa kifupi: lile la boksi linapika vizuri, na la kukunja limeanza kuonyesha matumaini.

Lengo ni lilelile. Nataka kushinda nje kutwa, nile chakula cha moto, na nikiondoka mahali pabaki kama nilivyopakuta. Kuni hazinipi hilo. Moto hata ukiuzima vizuri unaacha duara la udongo ulioungua, na matawi makavu unayookota ni makao ya wadudu ambayo yangeoza yakawa mbolea. Nyasi nazo kiangazi zimekauka, cheche moja inatosha. Vile vijiko vya mkaa vya trei ya alumini, vya kutumia mara moja, sina hata hamu navyo: vinababua nyasi chini yake, kisha unabaki na takataka ya moto usiyojua uitupe wapi.

Mfano wangu ni wa zamani mno. Mnamo 1767 mwanasayansi wa Uswisi, Horace-Bénédict de Saussure, alitengeneza sanduku la mbao lenye tabaka za vioo juu, akaliweka juani, na joto la ndani likafika takriban nyuzi 110 za Selsiasi. Kilichonivutia zaidi ni kwamba alilipandisha mlimani, kwenye hewa yenye baridi kuliko bondeni, na joto la ndani likawa karibu lilelile. Kumbe kinachopika ni mwanga unaoingia na joto linalozuiwa kutoka; hewa ya nje haina neno sana. Siku ya baridi yenye jua jeupe inaivisha kuliko siku ya joto yenye mawingu.

Boksi langu ni katoni mbili, moja ndani ya nyingine, na nafasi ya vidole vinne kati yake nimeisindilia magazeti yaliyofinyangwa. Kuta za ndani zina karatasi ya alumini, sakafu ni kipande cha bati kilichopakwa masizi, juu kuna kioo cha dirisha kuukuu. Kifuniko cha katoni, nacho kina karatasi ya alumini, kinasimamishwa kwa kijiti ili kirushe mwanga ndani.

Kazi iliyonila muda ni ukingo wa kioo. Ukisogeza kiganja pale kioo kinapokutana na katoni unahisi pumzi ya moto ikikuponyoka, na kila pumzi ni chakula kinachochelewa. Nilijaribu utepe wa gundi, ukalegea kwa joto. Kilichofaa ni fulana kuukuu: nimeikata vipande virefu, nikavisokota na kuvishonea kuzunguka mdomo wa boksi, kioo kikakaa juu yake kwa uzito wake. Tangu hapo kipimajoto kinapanda bila kusitasita.

Usitegemee miujiza lakini. Jua la mchana lisilo na mawingu linaleta takriban wati 1,000 kwa kila mita moja ya mraba. Kioo changu kina sentimita 40 kwa 50, yaani wati 200, na sehemu kubwa inapotea kabla ya kufika kwenye sufuria. Ndiyo maana sufuria ni nyembamba na nyeusi, chakula nakikata vipande vidogo, maji naweka kidogo, na naanza asubuhi. Chakula huanza kuiva kwenye nyuzi 80 hivi, kwa hiyo si lazima kitokote. Mayai yanaiva na maganda yake bila tone la maji. Viazi vinaiva huku mimi naogelea. Hakuna wa kuchochea, na hakiungui.

Maharage mekundu ni habari nyingine. Yana sumu ya asili isiyovunjika kwenye joto dogo, na kuyapika polepole kwa nyuzi 80 kunaweza hata kuiongeza makali. Yaloweke, umwage maji yake, uyachemshe kwa nguvu nyumbani dakika zisizopungua kumi, ndipo uje umalizie juani. Hapo sikubali mjadala.

Faida ambayo sikuwa nimeipigia hesabu ni maji ya kunywa. Vijidudu vingi vinavyoleta magonjwa ya tumbo hufa maji yakikaa kwenye nyuzi 65 kwa dakika kadhaa, na boksi linazipita. Kwa hiyo chupa za plastiki zimetoka kwenye mzigo. Ila joto haliondoi kemikali. Maji yaliyopitia shamba lililopuliziwa dawa siyagusi.

Tatizo lililobaki ni ukubwa. Boksi hili linataka gari, na kuendesha gari mwendo mrefu ili ukapike kwa jua ni kichekesho. Ndipo nikageukia jiko la kukunja, mtindo ulioenezwa miaka ya 1990 kutokana na ubunifu wa Mfaransa Roger Bernard: ubao mmoja wa katoni wenye karatasi ya alumini, unaokunjwa ukazunguka sufuria nyeusi. Sufuria yenyewe inakaa ndani ya bakuli la kioo lililofunikwa, au mfuko angavu unaostahimili joto. Nimechagua bakuli. Ni zito, lakini mfuko huchakaa ukawa taka. Ubao unakaa bapa kwenye keria ya baiskeli, bakuli kwenye kikapu cha mbele.

Joto lake ni pungufu kuliko la boksi, na upepo unalisumbua. Lazima nilisogeze lifuate jua mara kwa mara, na miwani ya jua ni lazima, maana mng'ao wa alumini unaumiza macho.

Vyombo naosha kwa maji matupu, mbali na ukingo wa mto, hatua themanini hivi. Mafuta ya kukinga jua nimeyapunguza kwa kuvaa mikono mirefu na kofia. Palau na Hawaii zimepiga marufuku mafuta yenye oksibenzoni, kemikali ya kuchuja mionzi ya jua, ili kulinda matumbawe, nami sioni haja ya kungoja sheria.

Kinachofuata ni kitu cha kushikilia pembe za ubao. Natafuta namna ya kushona vijimfuko vinavyojazwa mchanga hukohuko na kumwagwa wakati wa kuondoka. Nikivipata vinavyokaa imara, nitaweka vipimo hapa.