Njia zote za 3 zinaishia 153

Chukua namba yoyote nzima inayogawanyika kwa 3, kuanzia 3 yenyewe, kubwa ndogo vyovyote, alafu kila tarakimu yake ipandishe kipeo cha tatu (yaani izidishe yenyewe kwa yenyewe mara tatu, 5 inakuwa 5×5×5 = 125), jumlisha majibu, na hilo jumla nalo ulifanye hivyohivyo, endelea tu. Tuseme 12: 1+8 ni 9, 9 inaleta 729, 729 inaleta 1080, 1080 inaleta 513, 513 inaleta 153. Na 153 ndo hivyo tena, 1+125+27 = 153, haitoki hapo milele. Jaribu 999999: 4374, 498, 1305, 153. Hatua nne tu!

153 ina mambo mengine, ni jumla ya 1 mpaka 17, pia ni 1 + 1×2 + 1×2×3 + 1×2×3×4 + 1×2×3×4×5, na wasomaji wa Biblia wanaijua kwa wale samaki wa Yohana 21. Archimedes, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, naye aliitumia, 265/153 akaiweka kama makadirio ya kipeuo cha pili cha 3, na ni makadirio makali sana maana 265×265 ni 70225 wakati 3×153×153 ni 70227. Lakini mimi kinachonishika ni ule mporomoko, kwa sababu una sababu.

Mwaka 1940 mwanahisabati Mwingereza G. H. Hardy aliandika kwamba ukiacha 1 kuna namba nne tu zinazolingana na jumla ya vipeo vya tatu vya tarakimu zake, 153, 370, 371 na 407, akasema hayo ni mambo ya mafumbo ya magazetini, mwanahisabati hana cha kuvutiwa nacho sana. Kwa orodha peke yake namwelewa kabisa. Ila ukiuliza namba zingine zinaelekea wapi, hapo simfuati.

Angalia. Tarakimu yoyote, toa kutoka kwenye kipeo chake cha tatu, unapata kitu kinachogawanyika kwa 3: 125−5 = 120, 64−4 = 60, 343−7 = 336. Lazima iwe hivyo, maana tofauti hiyo ni zao la namba tatu zinazofuatana (4×5×6 kwa upande wa 5) na kati ya tatu zinazofuatana moja lazima igawanyike kwa 3. Na namba yoyote ukiigawa kwa 3 inaacha baki lilelile linaloachwa na jumla ya tarakimu zake. Kwa hiyo ukigawa kwa 3, baki halibadiliki kamwe, kila hatua baki ni lilelile. Namba ya 3, yaani inayogawanyika kwa 3, inabaki ya 3 njia nzima.

Alafu ukubwa. Tarakimu moja haiwezi kuleta zaidi ya 729, kwa hiyo jumla inayotoka kwenye namba ya tarakimu tano haivuki 3645 na ya tarakimu nne haivuki 2916, hata uanze na namba ya tarakimu milioni itashuka tu mpaka iingie chini ya 2916 na haitoki tena. Humo ndani namba zina mwisho, lazima moja ijirudie, kwahiyo unaweza kuzipitia zote, na ukizipitia utakuta kwenye zile za 3 hakuna pa kutulia wala mzunguko wowote isipokuwa 153.

Na sio hizo tu. Zenye baki 2 zote zinaishia 371 au 407, hakuna njia ya tatu, kwa mfano 2 inapita 8, 512, 134, 92, 737, 713 ikafika 371. Baki 1 ndo kuna purukushani: zingine zinatulia 1 au 370, zingine zinanaswa kwenye mizunguko minne tofauti, mmojawapo ni 133, 55, 250 na kurudi 133. Anza na 4 utaingia humo, 64, 280, 520, 133.