Tone moja kwenye jicho la kuku

Mwaka wangu wa kwanza wa kufuga, hapa Mlandizi, nilifungua banda asubuhi moja ya Septemba nikakuta kuku wanne wamekufa. Waliobaki walikuwa wamejikunyata, mabawa yameshuka, wanaharisha kijani. Mmoja shingo ilikuwa imepinda, kichwa kinatazama juu. Nilikuwa na kuku 34. Baada ya siku tisa walibaki watatu. Nililia, wala sioni haya kusema.

Bwana mifugo hakuchukua muda kutambua: kideri, ambacho wengine wanakiita mdondo. Hakina dawa. Vitunguu swaumu, pilipili na mwarobaini nilivyowanywesha havikusaidia kitu. Aliniuliza jambo moja tu: "Kuna kuku mgeni hapa?" Alikuwepo. Ni jogoo niliyemnunua gulioni wiki iliyotangulia, nikamchanganya na wenzake siku hiyohiyo.

Nilifukia mizoga, nikachoma matandiko, nikapaka banda chokaa, nikakaa miezi mitatu bila kuongeza kuku. Mbuzi wangu watano walikuwa salama, maana kideri ni ugonjwa wa ndege, na wao ndio walionishika nisikate tamaa. Kila asubuhi nafagia mbolea chini ya uchaga wao na kuipeleka kwenye mchicha, nawafunua kope kuona kama wekundu upo au wamepauka kwa minyoo, kisha nasubiri umande ukauke ndipo niwatoe malishoni.

Nilipoanza upya nilianzia kwenye chanjo. Hii ya kideri, inayoitwa I-2, inatengenezwa mkoani kwetu, Kibaha, na inavumilia joto kuliko chanjo za zamani. Kutoka dukani naibeba kikapuni, nimeizungushia kitambaa kibichi. Ni tone moja, jicho moja, kuku mkubwa na kifaranga sawasawa, na inarudiwa kila baada ya miezi mitatu.

Lakini kichupa kimoja kilikuwa kingi kwa kuku wangu, na ukishakifungua hakikai. Halafu kuku wa jirani wanashinda kwenye jalala langu. Nikaenda kwa mama wa nyumba ya pili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kumbe na hawa wa kienyeji wanachanjwa?"

Naye alikuwa amefukia kuku wake Septemba ileile. Hakuhitaji kubembelezwa. Leo tuko kaya nne, tunachangiana bei ya kichupa.

Tunachanja alfajiri kabla ya kufungua mabanda, kwa sababu kuku wa kienyeji akishatoka humkamati tena. Mtoto anamulika tochi, mimi namlaza kuku ubavu, nadondosha tone bila ncha ya kichupa kugusa jicho, namshikilia mpaka apepese. Nikimwachia mapema anatikisa kichwa na tone linapotea. Anayeonekana mgonjwa hatumchanji, chanjo haimponyi. Na kuku mgeni siku hizi anakaa peke yake wiki mbili kwenye jiko letu la zamani, hata awe mzuri namna gani.

Kalenda iko ukutani, nimezungushia duara Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Zamu ya Oktoba ni Jumamosi hii. Jana mama wa nyumba ya pili alimtuma mjukuu wake kuniuliza kama tochi ina betri.