Pumba ndoo nzima, maziwa yaleyale

Wadau wa ng'ombe wa ndani, huku Moshi kuna mtindo naona unazidi, ng'ombe akishuka maziwa tu mtu anakimbilia pumba na molasi, na molasi kwetu si shida maana kiwanda cha sukari cha TPC kiko hapo chini tu. Ng'ombe anakula mpaka analamba ndoo, kesho yake unakamua, maziwa yaleyale. Hapo lawama zinaanza, oh mbegu mbovu, oh jirani ana jicho.

Mi nasema kabla ya yote angalia lile tumbo la kwanza, lile kubwa. Pumba hailiwi na ng'ombe moja kwa moja, wanaoanza kula ni vijidudu, bakteria na protozoa, wakishakula wanatoa asidi ambazo ndio nguvu ya ng'ombe, alafu miili yao wenyewe ikishuka matumbo ya mbele inameng'enywa na hiyo ndiyo sehemu kubwa ya protini anayopata. Kwa hiyo unataka wazaliane. Ila wanga wa pumba peke yake hauwazalishi, wanataka na naitrojeni ya kujengea mwili, na kwenye migomba na mabua ya mahindi ni kiduchu (shina la mgomba zaidi ya asilimia 90 ni maji, pale tunajaza tumbo tu).

Sasa nguvu ikizidi na naitrojeni haipo wanafanyaje? Wengine wanaweka akiba, wanatengeneza glaikojeni (aina ya wanga wa akiba) na kuitunza mwilini, hasa protozoa, hawa wanameza punje za wanga zikiwa nzima alafu wanazitumia taratibu baadaye, na kwa kufanya hivyo wanapunguza kasi ya asidi. Bakteria kwa akiba wako nyuma sana, wao ziada wanaichoma ikawa joto basi. Mtafiti James Russell wa Marekani na wenzake walilifuatilia hili kwa bakteria anaitwa Streptococcus bovis, akikosa cha kujengea mwili anasukuma chembe za haidrojeni nje ya seli, zinarudi ndani, anazisukuma tena, yaani ni bodaboda iko frii inapigwa resi, mafuta yanaisha na abiria yuko palepale. Hela yako ya pumba ndo imeishia hapo.

Na huyo huyo bovis ukimmwagia wanga mwingi ghafla anageukia kutoa asidi ya laktiki, ambayo ni kali kuliko zile za kawaida. Tumbo lenye afya huwa na pH (kipimo cha asidi, ikishuka asidi imezidi) ya kama 6 hadi 7, ikishuka chini ya 5.5 ikakaa hapo ng'ombe anaacha kucheua, mavi yanakuwa majimaji, na baadaye kwato zinaanza kusumbua.

Kwa hiyo pumba igawe mara kadhaa kwa siku, ng'ombe aanze na majani kwanza, na ukiongeza pumba ongeza na mashudu ya alizeti yawape ile naitrojeni, tena kidogo kidogo ili vijidudu wazoee. Mashudu bei imechangamka najua, ila lusina (mti wa malisho wenye naitrojeni pia) unaipanda kwenye mpaka wa shamba ikawa yako bure, japo nayo usimjazie yenyewe tu maana ina sumu yake ikizidi. Urea, ile ya mbolea, ndo naogopa kumshauri mtu mtandaoni, ni kweli vijidudu wanaigeuza amonia wakajengea protini, ila ikizidishwa au isipochanganyika vizuri inaua ng'ombe ndani ya masaa, hiyo ongea na mtaalamu wa mifugo wa kata yako akupimie.