Nairobi hadi New York bila kutua: kilomita 11,840 hewani

Tuliacha ardhi ya Jomo Kenyatta usiku, na ndege ilikimbia muda mrefu kabla ya kunyanyuka. Hilo ni la kawaida pale. Uwanja uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mabawa hayapati cha kushika, na injini hupungua nguvu. Ukiongeza mafuta ya safari nzima, ndege inakuwa nzito kweli. Ubaridi wa usiku husaidia, maana joto la mchana huifanya hewa iwe nyepesi zaidi, na hapo huenda mizigo ikapunguzwa. Barabara yake ya kurukia inazidi kilomita nne, na urefu huo una kazi.

Ukipiga mstari kwa rula kwenye ramani ya ukutani, utapita Burkina Faso na Mauritania. Skrini mbele ya kiti ilionyesha vingine: Uganda, Sudan Kusini, Chad, kisha jangwa la Algeria, Morocco, na baharini karibu na visiwa vya Azores. Dunia ni mviringo, na njia fupi hupinda kuelekea kaskazini. Kwa njia hiyo ni kama kilomita 11,840. Marubani huikwepa kidogo kwa sababu ya hali ya hewa au anga iliyofungwa, kwa hiyo umbali halisi huwa mkubwa zaidi.

Juu ya Atlantiki ndipo muda unapoliwa. Pepo kali za juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, hivyo wa kwenda Marekani anazikabili usoni na wa kurudi anasukumwa. Kwenda hesabu saa 15 hivi, kurudi karibu 14. Wakati wa baridi pepo hizo hupata nguvu na tofauti hukua.

Saa za ukutani ndizo zinazowavuruga watu. Ukiondoka 23:00, yaani saa tano usiku, ukaruka saa 15, Nairobi itakuwa saa nane mchana. New York iko nyuma kwa saa saba, kwa hiyo unashuka saa moja asubuhi. Kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba hadi ya pili ya Machi tofauti ni saa nane. Tikiti ya 00:30 Jumamosi inakutaka uwanjani Ijumaa jioni. Wengi huachwa hapo.

Je, kuunganisha ndege njiani? Kupitia Amsterdam kunaongeza kama kilomita 700 tu, chini ya saa moja angani. Kupitia Dubai ni zaidi ya 2,700. Ila kinachokula siku ni kusubiri uwanjani, si kilomita.

Ukifika JFK, uwanja wa New York, na bado una ndege ya ndani, begi lako halijifikishi lenyewe hata kama lebo ina jina la mji wa mwisho: pita uhamiaji, lichukue, pita forodha, ulikabidhi tena. Acha muda wa saa tatu kati ya ndege hizo, nne ni bora. Soma pia herufi za uwanja kwenye tikiti. LGA (LaGuardia) na EWR (Newark) ni viwanja vingine kabisa, na EWR uko jimbo jingine, New Jersey. Foleni ya magari ya asubuhi haijali tikiti yako.