Jenereta iliyolala miaka mitatu

Jumamosi asubuhi. Leo nimeitoa stoo jenereta yangu ndogo ya petroli. Mkono uliniwasha kuvuta kamba palepale, nikajizuia. Injini ikikaa muda wote huo, ukuta wa silinda hukauka na ringi za pistoni zinaweza kushikwa na kutu. Ukivuta kwa nguvu, chuma kinakwaruzana na chuma. Nimefungua plagi, ile inayotoa cheche ya kuwasha petroli, nikamimina kama kijiko cha chai cha oili kwenye tundu lake na kuiacha ilowe hadi adhuhuri. Ndipo nikavuta kamba taratibu, plagi ikiwa bado nje. Mzunguko wa kwanza mgumu, wa pili ukalegea, wa tatu pumzi ikatoka tunduni: fuu, fuu. Nilifurahi mno kuisikia.

Petroli ya tankini ilikuwa imegeuka kahawia na kunuka kama vanishi. Nimeimwaga yote. Petroli ikikaa, sehemu zake nyepesi huvukiza, kinachobaki huganda kama utomvu. Ikiwa imechanganywa na ethanoli mambo huwa mabaya zaidi, maana ethanoli hunyonya unyevu, na maji yakizidi hujitenga na kutuama chini, kulekule kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, inakonywea.

Oili ya zamani nayo nimeimwaga. Sponji ya kuchuja hewa nimeiosha kwa sabuni.

Jioni. Plagi nimeisugua, nikapima mwanya wake: milimita 0.7, sawa. Nikaivika kofia ya waya, nikagusisha ganda lake na chuma cha injini mbali na petroli, nikavuta kamba. Hakuna cheche. Plagi mpya, hakuna cheche. Nimepoteza saa nzima nikiishuku koili inayotengeneza umeme wa cheche, kumbe oili mpya nilikuwa sijaijaza! Jenereta nyingi zina kihisi cha oili ndani ya injini; oili ikipungua, kinakata umeme wa plagi. Nimejaza hadi mdomo wa tundu, nikavuta tena: cheche ya buluu, kavu, inasikika ikidata.

Jumapili. Leo kabureta. Bakuli lake lilikuwa na ukoko wa kijani chini, na floti, kielea kinachodhibiti petroli inayoingia, imenata. Jeti kubwa, kipande chenye tundu dogo la kupitishia petroli, nimeielekeza kwenye mwanga, sikuona kitu upande wa pili. Nimeizibua kwa uzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya wa umeme. Sindano ya chuma siitumii kamwe: jeti ni shaba nyeupe laini, tundu lake limepimwa, na ukilipanua umeharibu uwiano wa petroli na hewa.

Jenereta nimeitoa nje kabisa, moshi wake ni sumu ndani ya nyumba. Mvuto wa nne ikawaka! Lakini haikutulia. Ilinguruma, ikashuka karibu kuzimika, ikanguruma tena, hivyo hivyo bila kukoma. Nikafunga choki nusu, ikatulia. Hapo jibu lilijitokeza lenyewe: choki inapunguza hewa, kwa hiyo injini ilikuwa na njaa ya petroli. Jeti kubwa nilishaisafisha. Iliyobaki ni ile ndogo ya mwendo wa chini, iliyojificha chini ya skrubu ya kurekebisha mwendo. Niliiruka nilipoisafisha ile kubwa kwa sababu tundu lake ni jembamba kama unywele, na ndiyo huziba mwanzo. Naiacha ilowe usiku kucha kwenye dawa ya kusafishia kabureta.

Jumatatu. Mvuto wa pili. Choki nikaifungua taratibu mpaka mwisho, na mlio haukuyumba. Nimeiwekea taa mbili na drili kwa nusu saa, ikabeba bila kulalamika.

Kabla ya kuirudisha stoo nimefunga koki ya petroli nikaiacha iungurume mpaka izimike yenyewe, kisha nikalegeza boliti ya chini ya bakuli kutoa matone yaliyobaki. Tanki nimelimwaga. Mwisho nikavuta kamba polepole hadi ilipokaza, maana hapo valvu zote mbili zimefungwa na unyevu hauingii silinda. Juu ya tanki nimebandika tepu: HAINA PETROLI, OILI IPO.