Mraba wa Agrippa ubaoni

Kidato cha pili wakianza kuchoshwa na aljebra, huwachorea ubaoni mraba wa vyumba tisa: juu 4, 9, 2, katikati 3, 5, 7, chini 8, 1, 6. Jumlisha upendavyo, wima, mlalo au mshazari, utapata 15. Safari hii kijana mmoja wa viti vya nyuma akauliza, "Mwalimu, hiyo si ya Frimasoni?" Darasa likacheka, ila wawili watatu hawakucheka.

Nikaanza na hesabu. Namba 1 hadi 9 jumla yake ni 45, kwa hiyo kila mstari lazima uwe 15. Mistari minne inapita chumba cha kati. Ukiijumlisha unapata 60, na chumba hicho umekihesabu mara tatu zaidi ya vingine. 60 toa 45 ni 15, gawa kwa 3: katikati hapakai namba nyingine ila 5. Ukiendelea hivyo utaona mraba huu ni mmoja tu duniani, uliobaki ni kuugeuzageuza. Hilo la Frimasoni nalijibia hapa, maana kengele ililia.

Mraba huo umo katika kitabu ambacho wapenda uchawi wa Ulaya wamekinyonya kwa karne nyingi: De occulta philosophia cha Heinrich Cornelius Agrippa, Mjerumani wa Köln, kilichochapwa kamili mwaka 1533. Nimekisoma kwenye simu, tafsiri ya Kiingereza ya 1651, na anayekifungua akitegemea mapembe na damu atasinzia. Kwanza vitu vya dunia, yaani mawe, mimea, wanyama. Kisha namba na nyota. Mwisho malaika na ibada. (Hiyo sehemu ya mwisho, yenye safu za majina ya malaika, sikuipenda.) Kwa sehemu kubwa ni majedwali. Sayari saba, kila moja na madini yake, uvumba wake na mraba wake. Zohali kapewa huu wa vyumba tisa, Mshtarii wa vyumba 16, hivyohivyo mpaka Mwezi wenye vyumba 81, kila mstari 369.

Mtu wa Pwani akifika hapo hana budi kutabasamu. Saa za sayari, ubani wa kila nyota, herufi kugeuzwa namba: hayo si ya walimu wa falaki? Babu yangu mdogo, kule Pangani, akiandika miraba kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, ikaoshwa kwa marashi, mgonjwa akanywa kombe. Habari za Agrippa hakuzisikia maisha yake yote, wala hakuzihitaji.

Agrippa anasema mraba wa Zohali ukichongwa kwenye bamba la risasi, sayari ikiwa katika hali njema, humsaidia mwanamke kujifungua. Sasa fungua al-Munqidh, kitabu cha al-Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111. Mraba uleule, kazi ileile! Unaandikwa kwenye vitambaa viwili ambavyo havijaguswa na maji, mama mwenye uchungu anavitazama, kisha anaviweka chini ya nyayo. Miaka zaidi ya 400 kabla ya Köln. Na ramli je? Maumbo yake 16 Agrippa anayo pia; yaliingia Ulaya karne ya 12, kwa tafsiri za Kilatini kutoka Kiarabu zilizofanyika Hispania.

Frimasoni hawakuwa na lao katika hayo. Baraza lao kuu la London liliundwa mwaka 1717, Agrippa yuko kaburini karibu karne mbili. Lakini kijana hakupotea kabisa. Mwaka 1801 Francis Barrett alinakili vipande vikubwa vya Agrippa, akaviuza kama kitabu chake, The Magus. Na mwaka 1888 ilipoanzishwa Golden Dawn, chama cha siri cha wapenda uchawi, huko London, waanzilishi wake watatu wote walikuwa Frimasoni, na miraba ile wakaitumia kuchorea alama za mizimu yao.

Agrippa mwenyewe alimpelekea abate Trithemius, mkuu wa nyumba ya watawa, rasimu ya kwanza ya kitabu chake mnamo 1510. Mzee akamsifu, akampa na onyo: ng'ombe mpe nyasi, sukari mpe kasuku. Yaani usimwambie kila mtu.

Kisa ninachokipenda kuliko miraba yote ni cha 1519, Agrippa akiwa wakili wa mji wa Metz. Mwanamke wa Woippy, kijiji cha jirani, alishitakiwa uchawi, na hoja kubwa ya padri mshitaki ilikuwa kwamba mama yake naye alichomwa kwa kosa hilo. Sisi tunaosoma habari za vikongwe wa Kanda ya Ziwa wanaouawa kwa macho mekundu tunaijua hoja ya namna hiyo. Agrippa akamtetea: kama mtoto anarithi shetani tumboni mwa mama, ubatizo una kazi gani? Mwanamke akaachiwa. Mwaka uliofuata Agrippa alikuwa ameshafungasha mizigo, amerudi Köln.